Shimo la Mnong'onezaji

Mimi sikuwahi kupanda jukwaani hata siku moja, na nisingepanda hata mngenibeba msobemsobe. Lakini kwa miaka kumi na moja, hapakusemwa neno kwenye jukwaa la ukumbi wa Wafini tuliohamia Argo, mji wa migodi ya chuma, ambalo halikupita kwanza mdomoni mwangu. Nilikuwa mnong'onezaji. Siku hizi wanaandika kwenye magazeti yao ya kumbukumbu kwamba ukumbi ule ulikuwa "mahali pa dansi na vichekesho", basi, utadhani tulikuwa watoto wa shule. Nikisoma hivyo damu inanichemka. Sasa nisikilize mimi niliyekuwa shimoni.

Mbele ya jukwaa, katikati, tulikata tundu kwenye mbao. Mtu anaingilia chini, anakaa kwenye kiti, kichwa chake kinatokeza usawa wa sakafu. Mgongoni pake pana kifuniko cha bati, kwa hiyo watazamaji hawamwoni. Waigizaji ndio wanaouona uso wake na taa yake na kitabu chake. Kila baada ya wiki mbili tulikuwa na mchezo mpya. Wanaume wanachimba chuma saa kumi kwa siku, wanawake wanafua na kuwapikia wapangaji kumi na wawili nyumba moja. Nani angekariri? Hakuna aliyekariri. Mimi nilinong'ona mstari, mwigizaji akaudaka, akausema kwa sauti ya kujaza ukumbi, na kabla hajaumaliza nimeshampa unaofuata. Watu wa mataifa mengine pale mjini hata hawakujua kwamba kitu kama hicho kipo.

Fundi wa kudaka alikuwa Taavetti Rautio, mhunzi, mtu mwenye kifua kama pipa na sauti inayotoka humo humo ndani ya pipa. Taavetti hakuwahi kujua mstari hata mmoja maishani mwake. Mwaka mmoja alikuwa amepiga magoti mbele ya mchumba, mkono kifuani, macho yamelegea, na buti lake limekanyaga ukingo wa kitabu changu. Nikamnong'oneza, "Taavetti, toa buti lako, limekanyaga karatasi." Naye, bila kupepesa, akapaza sauti kwa mahaba yote: "Toa buti lako, limekanyaga karatasi!" Na yule mchumba, Lempi wa duka la mikate, akausogeza mguu wake. Watu walicheka mpaka taa ya dari ikatikisika. Nilipomwomba radhi baadaye, Taavetti akaniambia, "Saimi, nikiwa jukwaani kichwani mwangu hamna kitu. Humo umo wewe tu. Ukisema niruke dirishani, nitaruka."

Ukumbi wenyewe tuliujenga kwa mikono yetu. Magogo tuliyakata wenyewe, mawe ya msingi tuliyabeba wenyewe. Marehemu mume wangu, Verner, ndiye aliyepiga misumari ya sakafu nzima, Jumapili kwa Jumapili, baridi mpaka joto. Miaka miwili baadaye dari la mgodi likamwangukia. Kampuni ilinitumia barua ya pole yenye jina lake limekosewa. Kwa hiyo nikisema ukumbi ule ulikuwa wangu, usidhani najigamba.

Basi ukaja mgomo, kiangazi cha mwaka 1916. Wanaume walitupa sururu zao wakatoka, Wafini, Waslovenia, Waitaliano, kila mtu. Kampuni ikaleta askari wa kukodi, wakajaa mjini kama inzi. Watu zaidi ya wawili wakisimama pamoja barabarani, wanakamatwa. Mikutano marufuku. Hotuba marufuku. Mkuu wa polisi, bwana mmoja Tuck, mrefu, mwenye masharubu ya kupakwa mafuta, akatangaza kwamba burudani tu ndiyo ruksa, kwa kibali.

Kibali hicho alikwenda kukitafuta Eemeli, mwenyekiti wa ukumbi, kaka yake Verner, shemeji yangu. Alirudi na masharti. Mchezo uandikwe wote, upelekwe kituoni, kila ukurasa upigwe mhuri. Nakala moja akae nayo Oskari Nyberg, karani wa duka la kampuni, Mfini mwenzetu aliyekuwa akitafsiri kwa malipo. Oskari atakaa safu ya mbele na Tuck, afuate mstari kwa mstari. Likisemwa neno moja lisilo na mhuri, ukumbi unafungwa.

Jumamosi ile, wiki ya saba ya mgomo, tuliamka tukakuta karatasi zimebandikwa milangoni kwetu, nyumba hadi nyumba, kwa Kifini kizuri kabisa: Watu wa Bellmar wamerudi kazini. Mmebaki peke yenu. Jumatatu king'ora kitalia saa kumi na mbili. Atakayekuja atapokewa, asiyekuja ahame nyumba ya kampuni.

Bellmar ni mji wa jirani, maili tisa, wa Waslovenia na Waitaliano. Bila wao sisi hatukuwa na mgomo, tulikuwa na njaa tu. Siku nzima nilisikia wanawake wakiulizana uani, chini kwa chini, "Ni kweli?" na kujibizana, "Nitajuaje?" Jirani yangu alikuwa ameshatoa ndoo ya chakula ya mumewe, anaisugua. Aliponiona akaificha nyuma ya sketi. Sikumlaumu. Ana watoto watano na unga umebaki wa kufagia.

Jumapili asubuhi nikasikia hodi mlango wa nyuma. Ni Neža Oblak, mwanamke wa Bellmar, mke wa mchimbaji, aliyezoea kutuuzia matunda ya mwituni, yale madogo ya buluu. Viatu vimejaa tope, uso mwekundu. Mimi na yeye tulielewana kwa Kiingereza cha kuokoteza.

"Matunda leo siuzi," akasema. "Leo unachukua yote."

"Dada, sina hata senti."

"Saimi, chukua ndoo. Mkono mpaka chini."

Nikatia mkono. Chini ya matunda palikuwa na karatasi iliyokunjwa, imelowa zambarau. Iliandikwa na kamati yao: Hatujarudi kazini. Hata mmoja wetu hajarudi. Karatasi mlizobandikiwa milangoni ni uongo, na sisi tumebandikiwa za kusema ninyi ndio mliorudi. Mkisimama imara Jumatatu, na sisi tunasimama.

Nikaisoma mara mbili. Nikakaa kwenye ngazi.

"Sisi pia kwetu wamebandika," Neža akasema. "Mume wangu akasema, Wafini? Wafini warudi? Wale ving'ang'anizi? Akacheka. Lakini usiku hakulala."

"Rudi ukamwambie alale."

"Nimwambie hamrudi?"

Hilo sikuweza kumwahidi. Kwa sababu kama ile karatasi ya milangoni ingebaki ndiyo neno la mwisho, wengi wangerudi. Nilimpa kahawa, nikamfunga malengelenge kwa kitambaa, akaondoka kwa njia ya msituni.

Utaniuliza kwa nini sikupita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu. Wapi! Askari kila kona. Na hata ningepita, jambo ukiambiwa peke yako jikoni ni uvumi tu, unaupima na ule uvumi mwingine, na ule mwingine umepigwa chapa. Lilitakiwa lisikiwe na wote kwa mpigo, kila mtu amwone mwenzake akilisikia. Na mahali palipokuwa na watu mia tatu pamoja siku ile, kwa ruhusa ya polisi, palikuwa ukumbini tu. Mchezo ulikuwa unaanza saa tisa alasiri.

Nilimkuta Eemeli jikoni, nyuma ya ukumbi, anakata mkate wa iliki kwa ajili ya mapumziko. Nikaiweka barua juu ya ubao wa mkate.

"Soma, shemeji."

Akasoma. Kisu kikabaki hewani.

"Nani kaileta?"

"Neža, kwa miguu. Tangaza leo, kabla pazia halijafunguliwa. Sentensi mbili tu."

"Thubutu! Unataka nifungwe mimi na ukumbi pamoja? Tuipeleke kwa kamati ya mgomo."

"Kamati ipi? Nusu iko ndani, nusu inajificha kwenye vyumba vya kuogea mvuke. Kesho alfajiri king'ora kinalia, Eemeli. Kesho!"

"Usinipigie kelele, watu wanaingia." Akashusha sauti. "Unajua nilitia saini nini kwa Tuck? Neno moja, Saimi. Neno moja, wanafunga. Na si kwa wiki. Kampuni itaugeuza ghala la mbao. Hiyo sakafu kaipiga nani?"

"Usimtie Verner hapa."

"Namtia! Magoti yake yalivimba kama maboga."

"Najua yalivyovimba. Nilikuwa nayakanda mimi."

Akakiweka kisu chini. Alikuwa mtu mwema, Eemeli, sitaki umchukie. Alikuwa amechoka. 

"Tukipoteza mgomo," akasema, "angalau tutabaki na mahali pa kukutania."

"Tukutane tufanye nini? Tutazamane? Tucheze juu ya misumari ya Verner huku kila mtu anajua tulikuwa na ukweli mfukoni tukaukalia?"

"Sikupi ruhusa."

"Sijaomba."

"Ukifanya lolote leo, usiniite shemeji tena."

"Nitakuita Eemeli. Ni jina zuri."

Nikaichukua barua yangu, nikaitia ndani ya blauzi, nikashuka shimoni.

Mchezo wenyewe ulikuwa kichekesho cha zamani, cha mwenye kinu bahili anayetaka kumwoza binti yake kwa mzee tajiri. Taavetti ndiye mwenye kinu. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Hakuna aliyekuja kucheka. Walikuja kwa sababu kukaa nyumbani na ile karatasi mlangoni kulikuwa kunawatoa roho. Tuck alikaa safu ya mbele, miguu ameinyoosha, askari wake milangoni. Pembeni yake Oskari, miwani puani, nakala yenye mihuri mapajani, kidole kinatembea kwenye mistari.

Sehemu ya kwanza nilisoma kama ilivyoandikwa. Waliigiza vibaya, Mungu awasamehe, na watu wakacheka pale pa kucheka kwa adabu, kama wanaotoa sadaka. Sehemu ya pili inaanza kwa mwenye kinu kupokea barua ya ndugu yake, habari za ng'ombe aliyezaa. Ukurasa wa thelathini na moja. Niliujua tangu asubuhi. Nilikuwa nimeuwaza ukurasa huo njia nzima.

Taavetti akatoka, akasimama mbele yangu, akafungua karatasi ya mchezo, ambayo haikuandikwa kitu pande zote mbili. Buti zake zilikuwa karibu na pua yangu. Akasubiri.

Nilikuwa na hofu, sikufichi. Taavetti alikuwa na watoto wanne na mke mgonjwa. Sikuwa nimemwuliza. Nilikuwa nachukua sauti ya mtu mwingine niitie maneno ya kumpeleka jela, na nilijua kwamba angeyasema, kwa sababu kichwani mwake nilikuwamo mimi tu. Hiyo bado inanichoma mpaka leo. Lakini nilipiga moyo konde.

"Ndugu mpendwa," nikanong'ona, "nakuandikia kutoka Bellmar."

"Ndugu mpendwa!" akanguruma. "Nakuandikia kutoka Bellmar!"

Kukohoa kukakoma ukumbini.

"Hatujarudi kazini."

"Hatujarudi kazini!"

Akalisikia.  Akainamisha macho, akanitazama, na mimi nikamtazama. 

"Kweli?" akaniuliza bila kufungua midomo.

"Kweli. Barua ninayo kifuani. Usiseme kama hutaki, Taavetti. Nitakupa wa ng'ombe."

 Kutoka shimoni nilimwona akimtazama mkewe, safu ya tano, aliyejifunga shali joto lote lile. Sijui mkewe alimwashiria nini. Kisha akainyoosha ile karatasi tupu mbele ya uso wake.

"Nipe unaofuata," akasema.

Nikampa. "Hata mmoja wetu hajarudi."

"Hata mmoja wetu hajarudi!"

"Karatasi mlizobandikiwa milangoni ni uongo."

"Karatasi mlizobandikiwa milangoni ni uongo!" Na jamani, hilo hakulisema kama mtu anayedaka. Alilisema kama mtu anayerudisha kofi.

Nikachungulia kando ya bati. Kwenye mabenchi watu walianza kugeukiana. Ndicho nilichokitaka. Mke anamtazama mume, jirani anamtazama jirani, na kila mmoja anaona kwamba mwenzake kasikia.

Oskari alikuwa bado anahangaika na kidole chake. Akarudi ukurasa mmoja nyuma, akaenda mmoja mbele. Mwishowe akaruka. "Hayo hayamo!" akapiga kelele. "Ukurasa wa thelathini na moja ni ng'ombe! Hapo pana habari za ng'ombe!"

"Kaa chini, Oskari, unatuzibia!" sauti ikatoka nyuma.

"Ng'ombe wenyewe tunaye, kavaa miwani!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, kicheko cha kweli sasa. Oskari akainama sikioni mwa Tuck akamweleza kwa Kiingereza. Tuck alipanda jukwaani kwa hatua mbili, akamnyang'anya Taavetti ile karatasi apate ushahidi. Akaigeuza upande huu, tupu. Akaigeuza upande ule, tupu. Shingo ikamwiva.

"Nani kakupa maneno hayo?"

"Mimi, bwana, sijui mstari hata mmoja," Taavetti akajibu. "Uliza mtu yeyote hapa. Sijawahi kujua."

"Kweli kabisa!" watu wakaitikia. "Huyo hajui kitu!"

Hapo Oskari akanyoosha mkono kwenye kile kifuniko cha bati. "Yuko ndani ya hilo. Mwanamke. Ndiye anayewasomea. Bila yeye hawawezi kusema neno."

Tuck akazunguka, akainama, akaniona. Alikuwa amekaa futi nne kutoka kwangu alasiri nzima bila kujua nipo. Alinitazama kama aliyefumania panya kwenye unga.

"Toka."

"Kazi haijaisha," nikamwambia.

Askari wawili wakanivuta kwa makwapa. Sketi ikachanika, kitana kikadondoka. Wakanipekua mifuko ya aproni wasipate kitu, na hakuna aliyethubutu kutia mkono blauzini mbele ya wake mia moja na hamsini wa Kifini. Wakanisimamisha mlangoni, mmoja kila upande.

Sasa, Tuck angefunga mchezo pale pale, angetuweza. Lakini alikuwa mtu wa kupenda kuonekana, na kicheko kile kilikuwa kimemuuma. Akakaa ukingoni mwa jukwaa, akaning'iniza miguu, akamwambia Oskari atafsiri. "Waambie, kibali kilikuwa cha mchezo. Basi wacheze. Bila mwanamke wao. Tuone uhodari wao."

Taavetti akabaki katikati, mikono imening'inia. Jasho linamtiririka. Akafungua mdomo, akafumba. Akalitazama shimo, shimo tupu. Mtu mzima yule, mhunzi, nilitaka kulia kwa kumwonea huruma. Tuck akaanza kucheka, na askari wake wakamsaidia.

Safu ya tatu alikaa Kreeta Ylönen, ajuza wa miaka themanini, mkunga, aliyewazalisha nusu ya watu waliokuwamo. Kreeta hakusimama. Aliweka viganja viwili mdomoni, akanong'ona kwa mnong'ono wa kiziwi, ambao ungesikika mpaka mgodini:

"Hatujarudi kazini!"

Na Taavetti, Mungu ambariki, akadaka.

"Hatujarudi kazini!"

"Hata mmoja wetu!" Hiyo ilikuwa sauti ya mwanamume, kulia.

"Hata mmoja wetu!"

"Jumatatu tunasimama!" Jirani yangu huyo, yule wa ndoo ya chakula. Niliijua sauti yake.

"Jumatatu tunasimama!"

Basi ikawa hivyo. Huku wananong'ona, kule wananong'ona, madirishani, nyuma ya jiko, na kila kilichosemwa Taavetti anakiinua juu kwa kile kifua chake. Mmoja akanong'ona, "Mwambie Tuck masharubu yake yananuka," na Taavetti akayasema hayo nayo kwa heshima zote, mkono kifuani. Lempi akatoka nyuma ya pazia na nguo zake za bibi harusi, akaanza kudaka na yeye. Tuck alikuwa ameshasimama, anageuka huku na huku.

"Nani kasema hilo? Yule? Nani?" akamfokea Oskari.

Oskari akavua miwani, akaifuta. "Wote, bwana," akasema.

Walitutoa kwa marungu. Walimpasua Taavetti nyusi, wakamtia pingu, na watu sita wengine. Tuck akasimama kizingitini, kofia imekaa upande, akapiga kelele aletewe ufunguo. Eemeli akaja kutoka jikoni, aproni bado imejaa makombo ya mkate. Nilitazama chini, sikutaka kuona uso wake.

"Ufunguo!" Tuck akasema.

"Hakuna ufunguo," Eemeli akajibu, taratibu, kwa Kiingereza chake kibovu. "Ukumbi huu haujawahi kuwa na kufuli. Kanunue lako."

Akampita kama anayepita nguzo. Akalivua koti lake, akanivisha mabegani.

"Huko ndani kuna baridi, shemeji," akaniambia.

Nisikudanganye. Kufuli lilinunuliwa, likafungwa jioni ile ile, na baada ya mwaka ukumbi ukawa ghala la mbao, kama alivyosema. Mgomo nao tuliupoteza, mwezi wa Septemba, njaa ilipotushinda. Taavetti alikaa ndani siku arobaini, na alipotoka hakuna kampuni iliyompa chuma cha kufua. Nilikwenda kumwomba msamaha. Akaniuliza msamaha wa nini, nikashindwa kuutaja, tukala viazi. Hayo yote ni kweli, na wanaoandika magazeti wanayajua hayo kuliko mimi. Wasichokijua ni Jumatatu ile.

Jela ya Argo ilikuwa kwenye njia ya mgodini. Dirisha dogo, juu, lenye nondo. Mimi nilifungiwa chumba cha peke yangu kwa kuwa ni mwanamke, na sikulala. Kazi yangu ilikuwa miaka yote kusikiliza. Najua mlio wa kila buti la mji ule. Kila asubuhi, kabla ya mgomo, saa kumi na moja na nusu zilianza kupita, buti mia tatu na ndoo za chakula zikigongana. Nilikaa chini ya lile dirisha na koti la Eemeli, nikasubiri buti.

Saa kumi na mbili king'ora kikalia. Kirefu, kile cha kawaida. Kikanyamaza.

Njia ilikuwa kimya. Nikasikia ndege. Nikasikia mbwa mmoja.

Kikalia tena. Mlinzi wa jela, bwana mnene wa makamo, akatoka kwenye kiti chake akaenda mlangoni. Akachungulia njia upande wa mjini, akachungulia upande wa mgodini. Akarudi, akatoka tena. Mara ya tatu kikalia, na king'ora kile hakikuwahi kulia mara tatu tangu kifungwe. Mlinzi akaja mpaka kwenye nondo zangu.

"Wako wapi?" akaniuliza, kana kwamba ni mimi niliyewaficha.

"Wako nyumbani," nikamwambia, "wanakunywa kahawa. Na mimi niletee yangu."